Mama anasema "popote mtakaponiweka", na mimi silali

BARUA

Shikamoo dada mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 43, kifungua mimba kwa wazazi wangu, tuko watatu. Mdogo wetu wa mwisho anamaliza chuo ng'ambo na mahafali yake yamebakiza wiki tisa. Baba alifariki huyu akiwa bado mdogo kabisa, na mama, ambaye sasa ana miaka 71, ameapa kwamba siku hiyo atakuwa ukumbini amshuhudie kwa macho yake mwenyewe. Tunakwenda wawili, mimi na mama. Tutakaa huko siku tano. Huo mji hakuna kati yetu aliyewahi kuuona.

Hela ya safari tumechanga. Mama katoa akiba yake, mimi nimetoa ninachoweza, na mdogo wangu anayenifuata katoa fungu kubwa kuliko sisi sote, ingawa yeye hasafiri. Kwa hiyo neno lake lina uzito, na hapo ndipo nilipokwama.

Wiki ya tatu hii, kila usiku nikishamaliza shughuli zangu nakaa na simu kutafuta hoteli. Zimebaki tatu. Ya kwanza aliipata mdogo wangu. Bei yake ni nusu ya ile ya pili, ila iko mwisho wa reli, dakika 40 hadi mjini. Chumba kiko ghorofa ya tatu na sijaona popote walipotaja lifti. Nilikuza picha ya bafuni: kuna lile sinki refu la kuogea ambalo mtu anaingia mzima, ukingo wake unafika juu ya goti, na ukutani hakuna hata kichuma cha kushika. Magoti ya mama ni mabovu. Niliitazama ile picha mpaka simu ikazimika chaji.

Ya pili ina nyota nne na iko dakika sita kwa miguu kutoka chuoni. Ni ghali kwetu, lakini kuna punguzo ukilipa sasa hivi, kwa sharti kwamba hela haitarudi kwa sababu yoyote. Kila nikiifungua naona maandishi mekundu: "Vimebaki vyumba viwili tu!" Moyo unanipasuka.

Ya tatu ni nyumba ya kupanga kwa siku chache. Ina jiko, bei yake ni ya katikati, ila hakuna mapokezi. Ufunguo unautoa kwenye kisanduku cha namba mlangoni. Ndege yetu inatua saa nne usiku.

Mdogo wangu anasema, "Dada, kulala ni kulala. Mtashinda nje mchana kutwa." Anataka tulipie ile ya kwanza Ijumaa hii, nayo pia bei yake hairudishwi. Viza tumeomba, majibu bado. Nikimuuliza mama, jibu ni hilohilo: "Popote mtakaponiweka mwanangu, mimi sina neno."

Kuna jambo lazima nikwambie ili unielewe. Miaka miwili iliyopita nilikwenda nje kwa mafunzo ya kazi na hoteli nilijitafutia mwenyewe. Kufika mapokezi wakanidai kodi ambayo sikuiona popote, halafu wakataka dhamana kwenye kadi. Kadi ikakataa. Nilikaa kwenye kochi la mapokezi na begi langu miguuni mpaka saa saba usiku, nikampigia huyuhuyu mdogo wangu anitumie hela. Hajawahi kunisema kwa hilo, lakini tangu hapo kila nikichagua kitu anakiangalia mara mbili.

Je, nikubali ya kwake yaishe? Au niing'ang'anie ya karibu na chuo nionekane najikweza kwa hela ambayo nyingi si yangu? Na mtu asiyeujua mji anaijuaje hoteli nzuri ya hela ndogo bila kubahatisha? Naogopa kumwaibisha mama mbele ya mtoto wake siku kubwa kama ile.

Ni mimi, Kifungua Mimba

JIBU

Marahaba, mdogo wangu.

Hongereni kwanza. Mama aliyemlea mtoto bila baba yake mpaka akavaa joho, huyo anastahili kila dakika ya usingizi unayoipoteza. Lakini nataka ulale na wewe.

Ulichoniandikia ni hiki: una hoteli tatu, kila moja ina kasoro yake, una mdogo wako ambaye hela yake inakufanya uone huna haki ya kusema, na una usiku mmoja wa miaka miwili iliyopita ambao bado umeubeba. Hivyo vitatu umevifunga kwenye furushi moja, ndiyo maana ni vizito. Nianze na mtu ambaye kwenye barua yako amesema sentensi moja tu.

Mama anaposema "popote mtakaponiweka", wewe unasikia kwamba hana neno. Mimi nimewasikiliza wazee wengi, na mara nyingi maneno hayo maana yake ni "sitaki kuwa mzigo". Anajua hela imechangwa. Anajua watoto wake wawili wanavutana. Ukimuuliza anataka hoteli gani, atakurudishia jibu lilelile mpaka siku ya ndege. Kwa hiyo usimuulize habari za hoteli, muulize habari za mwili wake. Usiku anaamka mara ngapi kwenda msalani? Akipanda ngazi, anasimama kupumzika ya ngapi? Anaweza kuinua mguu akavuka kitu kilichopita goti, sakafu ikiwa imelowa? Analala akisikia magari? Anaona sawa kulala nawe kitanda kimoja, au kila mtu na chake? Hayo atakujibu, kwa sababu hayamdai mtu hela. Na majibu yake yatakuchagulia zaidi ya nyota zozote.

Sasa ule usiku wa kochini. Umeuandika kama kosa lako. Naomba tuutazame tena.

Kodi ya wageni ipo katika miji mingi duniani, na mara nyingi hulipwa hotelini hata kama chumba ulishakilipia. Amsterdam, tangu mwaka 2024, ni asilimia 12.5 ya bei ya chumba. Roma wanahesabu kwa kichwa kwa kila usiku, na nyota za hoteli zikipanda kodi nayo inapanda. Huko Marekani baadhi ya hoteli zilikuwa zikiongeza ada za lazima mwishoni kabisa, mteja akiwa ameshaamua. Tangu Mei 2025 sheria ya shirikisho inazitaka zionyeshe bei pamoja na ada hizo tangu mwanzo, ingawa kodi za serikali bado zinaweza kuja baadaye. Na dhamana si malipo. Hoteli inaishikilia hela kwenye kadi kwa ajili ya uharibifu au gharama za ziada, halafu inaiachia ukiondoka. Kwa kadi ya benki inayotoa moja kwa moja kwenye akaunti, hela hiyo huwezi kuigusa, na inaweza kuchukua siku kadhaa kurudi. Kadi yako haikukataa kwa uzembe wako. Ilikataa kwa sababu hakuna aliyekwambia mapema, na wewe hukujua kwamba hilo ni jambo la kuuliza.

Safari hii unajua. Kabla ya kulipia popote, fika hadi ukurasa wa mwisho kabisa bila kubonyeza malipo, usome bei ya watu wawili kwa siku zote, na kile kilichoandikwa kwa herufi ndogo kwamba kitalipwa hapohapo hotelini. Kisha iandikie hoteli: kodi kiasi gani, dhamana kiasi gani, mnapokea kadi gani, na mnapokea fedha taslimu? Hifadhi jibu lao kwenye simu. Kadi itakayobeba dhamana isiwe ileile yenye hela yenu ya matumizi. Na mashine ikikuuliza ulipe kwa fedha ya nyumbani au ya nchi uliyopo, ya nchi uliyopo kwa kawaida ndiyo yenye unafuu.

Tuje kwenye hoteli zenyewe. Ya mdogo wako usiidharau. Watu watakwambia rahisi ghali, lakini si kila mara. Zipo hoteli ndogo za pembeni, safi, tulivu, zinazowatunza wageni kuliko majumba ya katikati ya mji. Ninachokuomba ni uihesabu bei yake yote. Chukua karatasi. Andika bei ya chumba kwa siku tano. Ongeza nauli ya treni, kwenda na kurudi, watu wawili, kila siku. Ongeza teksi ya usiku mtakaofika, maana lazima ujue treni ya mwisho inaondoka saa ngapi: ndege inatua saa nne, kuna foleni ya pasipoti, kuna mabegi, na saa sita inaweza kuwakuta bado mko uwanjani. Ongeza siku ya mahafali, mama akiwa kwenye viatu vya sherehe, akitaka kurudi kupumzika mchana na hawezi kwa sababu kitanda kiko dakika 40 mbali. Huenda ukikamilisha hesabu tofauti ikawa ndogo. Huenda pia ikabaki kubwa. Vyovyote itakavyokuwa, utakuwa na namba za kumwonyesha mdogo wako badala ya hisia.

Halafu kuna ngazi. "Ghorofa ya tatu" haina maana moja kila mahali. Sehemu nyingi za Ulaya wanaanza kuhesabu juu ya ile ya chini, kwa hiyo ya tatu ni kupanda mara tatu kamili. Marekani ya chini ndiyo ya kwanza, kwa hiyo ya tatu ni kupanda mara mbili. Majengo ya zamani mengi hayana lifti, au lifti inaanzia baada ya ngazi kadhaa za mlangoni. Na lile sinki uliloliona, mdogo wangu, hapo hukukosea kuangalia. Mzee mwenye magoti mabovu, ukingo mrefu, sakafu yenye maji, na hakuna pa kushika: hilo si suala la kujikweza. Lakini picha moja ni ya chumba kimoja. Waulize kama wana chumba cha chini chenye bafu la kusimama lisilo na ukingo. Hoteli nyingi zina vyumba vya aina hiyo vichache na huvitoa kwa anayeomba mapema. Wakikujibu kwa sentensi iliyo wazi, umepata habari mbili: habari ya bafu, na habari ya jinsi wanavyowajali wageni. Wakikaa kimya siku nne, hiyo nayo ni habari.

Ya pili inakuvuta kwa nyota zake. Fahamu kwamba hakuna kipimo kimoja cha nyota duniani. Ufaransa wana mfumo wao, na baadhi ya nchi za Ulaya ziliungana mwaka 2009 kutumia vigezo vya pamoja. Kwingineko kila nchi na utaratibu wake. Na nyota kwa kiasi kikubwa zinahesabu vitu: je, mapokezi yako wazi saa zote, kuna lifti, chumba kina nini. Hazikwambii kama dirisha linatazama baa. Yale maandishi mekundu nayo yasikupasue moyo. Mara nyingi "vyumba viwili" maana yake ni viwili vilivyobaki kwenye tovuti ile, kwa bei ile, si katika hoteli nzima. Mwaka 2019 wasimamizi wa haki za walaji wa Umoja wa Ulaya waliibana tovuti kubwa mojawapo mpaka ikakubali kulieleza hilo wazi. Pamoja na hayo sitakudanganya: wiki ya mahafali katika mji wa chuo vyumba huisha kweli, na ukingoja sana utajuta.

Kinachonitia wasiwasi ni neno moja lililojificha katikati ya barua yako: viza bado. Ya mdogo wako hairudishi hela, na ya punguzo karibu na chuo hairudishi hela, na ninyi hamjui kama mtasafiri. Ukilipia yoyote kati ya hizo Ijumaa hii, hutakuwa umenunua malazi tu, utakuwa umeweka dau juu ya majibu ya ubalozi. Hoteli hizohizo mara nyingi zina bei nyingine, ya juu kidogo, inayoruhusu kughairi bure mpaka tarehe fulani. Ile tofauti ndogo ndiyo bima yenu. Watu wengine hushika chumba cha aina hiyo mapema, wakaendelea kutafuta kwa utulivu, na wakighairi wanaghairi kabla ya muda, wakikumbuka kwamba saa inayohesabiwa kwa kawaida ni ya kule hoteli iliko. Hatari yake ni kusahau tarehe. Iandike ukutani.

Nyumba ya kupanga sitaisemea sana. Jiko ni jambo jema na nafasi ni kubwa. Ila ada ya usafi ni ileile ukikaa siku mbili au kumi, kwa hiyo igawanye kwa siku zenu tano ndipo ulinganishe. Hakikisha mji wenyewe unaruhusu. New York, kwa mfano, kupangisha nyumba nzima kwa wageni kwa chini ya siku 30 kwa kawaida hakuruhusiwi kisheria, na tangu Septemba 2023 wanalisimamia hilo kwa ukali zaidi. Na ujione saa sita usiku, barabarani, mama amekaa juu ya begi, wewe unajaribu namba za kisanduku na mwenye nyumba hapokei simu. Kama mdogo wenu mhitimu anaweza kuchukua ufunguo mchana na kuwangojea ndani taa zikiwa zinawaka, picha inabadilika kabisa.

Na huyo mhitimu mwenyewe, mmemtumia vipi? Ana miguu na anaujua mji. Anaweza kwenda kwenye hoteli ya mdogo wako na ile ya karibu, akahesabu ngazi, akakupigia video ya bafu. Aulize pia chuoni kwake. Vyuo vingi, hasa Uingereza, hupangisha vyumba vya wanafunzi wakati wa likizo, kwa bei ya chini, na mahafali mara nyingi huangukia humo humo. Baadhi vina bafu la kushirikiana, kwa hiyo rudi kwenye lile swali la mama kuamka usiku. Kuna na njia ya katikati ambayo sijaiona kwenye barua yako: hoteli ya kawaida, vituo viwili vitatu vya treni kutoka chuoni, kwenye njia isiyohitaji kubadilisha. Bei mara nyingi huanza kushuka hapo, kabla hujafika mwisho wa reli.

Uliuliza mgeni anaijuaje hoteli bila kubahatisha. Kwa maoni ya waliolala, ukijua kuyasoma. Yapange mapya yaje kwanza, kwa sababu hoteli hubadilisha wamiliki na magodoro. Waliotoa alama zote na waliotoa sifuri wapitie haraka. Kaa na wale wa katikati, waliopenda hiki na kulalamikia kile. Hao ndio wanaokueleza kwamba maji ya moto hukatika asubuhi au kwamba ukuta ni mwembamba. Tafuta neno "lifti", neno "ngazi", neno "kelele". Tafuta aliyesafiri na mzazi. Lalamiko moja ni la mtu mmoja. Likirudiwa na watu watano katika miezi mitatu, liamini. Picha angalia zilizopigwa na wageni, zile zilizopinda, zenye taulo sakafuni.

Kuhusu mdogo wako. Unadhani anakuangalia mara mbili kwa sababu hakuamini. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba aliogopa usiku ule: dada yake mkubwa yuko nchi ya watu saa saba usiku hana pa kulala. Anayetoa hela na kubaki nyumbani hana njia nyingine ya kushiriki isipokuwa kulinda hela. Mimi nisingemwendea na neno "starehe", kwa sababu atajibu kwamba kulala ni kulala. Ningemtumia ile picha ya bafu na kumuuliza, "Mama ataingiaje humu?" Halafu ninyamaze. Na kama akiona hesabu yote na bado akasema ya kwanza, msikilize sababu yake mpaka mwisho. Huenda anajua kitu kuhusu mfuko wake ambacho hajawaambia.

Utakayoichagua, mwambie mhitimu aandike jina la hoteli, anwani na namba ya simu kwa lugha ya huko, herufi kubwa, kwenye karatasi mbili. Moja ikae kwako. Nyingine mpe mama aiweke kwenye mkoba wake mwenyewe, na umwoneshe ilipo kabla hamjapanda ndege.